Kisu Kisivuke Deraya

Kihami cha plastiki ya XLPE kinachofunika uzi wa shaba wa milimita mraba 16, ndani ya kebo ya kawaida ya deraya ya umeme wa nyumba na karakana, kina unene wa milimita 0.7. Kipimo hicho kimewekwa na kanuni ya kimataifa ya IEC 60502-1. Juu ya kihami kuna tabaka la plastiki laini, juu yake deraya ya chuma, na nje kabisa gamba jeusi ambalo ndilo macho ya mnunuzi huliona dukani. Fundi anayetaka kuifikia shaba hana budi kuuvua ule mkoba wa chuma bila kukigusa kile kihami chembamba. Kisu kikizama kidogo kupita kiasi, jeraha hubaki limefichwa ndani, na taa huwaka vizuri siku hiyo. Hitilafu inaweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye, mvua zikishanyesha na ukuta ukishalowa.

Katika komini ya Bulengera, mojawapo ya komini nne za jiji la Butembo pamoja na Kimemi, Mususa na Vulamba, jambo hili lina uzito wake. Butembo ni jiji la wafanyabiashara lililojengwa juu ya vilima vya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Congo, kilomita 54 hivi kusini mwa Beni, na kwa miongo mingi limekua bila gridi ya taifa ya kutegemewa. Wenye maduka, zahanati, vinu vya unga na makanisa walijinunulia majenereta, ambayo watu wa huko huyaita grupu. Zikafuata paneli za jua na betri zake. Kisha ukaanza kuja umeme wa maji. Huko Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori katika eneo la Beni, kituo kidogo cha umeme cha hifadhi ya taifa ya Virunga kilianza kazi mwaka 2013. Matebe ikafuata huko Rutshuru mwaka 2015, kituo cha pili cha Mutwanga mwaka 2020, na Luviro katika eneo la Lubero mwaka 2021, chenye uwezo wa megawati zaidi ya 14.

Kwa hiyo jengo moja la Bulengera linaweza kuwa na milango mitatu ya umeme: waya wa kampuni, grupu uani, na paneli juu ya bati. Kinachoiunganisha milango hiyo mara nyingi hupita chini ya ardhi, katika udongo mwekundu ambao kesho mtu ataulima kwa jembe, ataufukua kutafuta msingi wa chumba kipya, au ataupitishia lori la matofali. Hapo ndipo kebo ya deraya inapostahili bei yake. Jembe likiipiga, chuma hulizuia. Likiingia kwa nguvu hadi kufika kwenye shaba, chuma hicho hicho, kama kimeunganishwa vema na ardhi, huurudisha umeme na kuilazimisha saketi breka, au disjonkteri kwa wale waliosomea ufundi kwa Kifaransa, ikate mara moja.

Hilo neno "kama" ndilo lenye kazi yote. Deraya haimlindi mtu kwa kuwapo kwake tu. Humlinda iwapo ncha zake mbili zimekatwa kwa urefu unaofaa na kubanwa sawasawa. Kebo ya mita 60 inayotoka kibanda cha grupu hadi ubao wa umeme inaweza kuwa salama katika mita 59 na nusu, na hatari yote ikakaa katika ile nusu mita ya mwisho ambayo fundi aliivua kwa haraka.

Butembo hukutana na kebo za desturi mbili. Njia ya bidhaa zake hupita Mombasa, Nairobi na Kampala, huvuka mpaka Mpondwe na Kasindi, hupanda kilomita 80 hivi hadi Beni, ndipo huelekea kusini hadi Butembo. Kenya na Uganda hufuata desturi ya Kiingereza, ambamo deraya ni nyaya nyingi za chuma zilizopakwa zinki na kuzungushwa pamoja kwa mshazari, kila waya ukiwa na unene wa milimita 0.9, 1.25, 1.6 au zaidi kadiri kebo inavyonenepa. Congo yenyewe ilirithi vitabu vya Kifaransa na Kibelgiji, na kebo ya Kifaransa iliyoandikwa U-1000 RVFV ina deraya ya aina nyingine: kanda mbili za bati la chuma, ya juu ikifunika mapengo ya ile ya chini. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao wamesafiri Dubai na Guangzhou kwa miaka mingi kutafuta bidhaa, wanaweza kurudi na mojawapo. Kwa macho ya nje zote ni nyeusi, nene na nzito. Fundi hujua anachoshughulika nacho anapoisoma chapa iliyopigwa juu ya gamba, au anapokata kipande kifupi cha majaribio na kukitazama mdomoni.

Kipande hicho cha majaribio hakina mbadala. Mashine yoyote ya kukata deraya hurekebishwa kwa kebo iliyopo mezani, na kebo mbili zenye maandishi yale yale, kutoka viwanda viwili, huweza kutofautiana unene wa gamba.

Kabla ya chuma kuguswa kuna swali la kwanza: umeme umezimwa kweli? Katika mji wenye gridi moja, fundi huzima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli. Mahali penye milango mitatu, kuzima mmoja hakutoshi. Grupu linaweza kuwashwa na mlinzi aliyeona giza, na betri za jua haziulizi mtu ruhusa. Swichi ya kugeuza, ile inayoruhusu chanzo kimoja tu kwa wakati, ikiwa haipo au imeunganishwa vibaya, umeme wa grupu hurudi nyuma hadi kwenye waya ambao kila mtu anaamini umekufa. Ndiyo maana kifaa cha kupima hujaribiwa kwanza kwenye chanzo kinachojulikana kuwa hai, kisha hupima kebo, kisha hurudishwa tena kwenye kile chanzo hai kuhakikisha hakikuharibika katikati. Inaonekana kazi ya kujirudia bure, lakini kifaa kibovu husema "hakuna umeme" kwa ujasiri ule ule wa kifaa kizima.

Kwenye mitaro yenye kebo kadhaa zinazofanana, mashirika makubwa ya umeme hutumia mashine ya haidroliki inayokata kwa mbali. Kichwa chake hufungwa kwenye kebo ndani ya shimo, na pampu hukaa mita kadhaa pembeni, mpira usiopitisha umeme ukiwa katikati. Kama kebo isiyostahili ndiyo imeshikwa, mlipuko hutokea shimoni na fundi yuko mbali. Ni mashine ghali, na haipo katika kila karakana. Asiye nayo hufuata kebo kwa mkono kutoka ncha hadi ncha, na asipoweza kuifuata haikati.

Kukata kebo nzima kwa upana ndiyo hatua rahisi, na bado ina makosa yake. Mkasi wa mkono unaojikaza hatua kwa hatua, maarufu kwa kukata kebo nene bila kutumia nguvu nyingi, mara nyingi umetengenezwa kwa ajili ya shaba na alumini peke yake. Ukipewa waya wa chuma, makali yake hutoka mapengo, na baada ya hapo hata shaba hauikati vizuri, huitafuna. Ulio imara kwa chuma huandikwa hivyo na mtengenezaji. Katika mkasi wa aina hii rekebisho kuu liko kwenye boliti ya katikati, panapokutana mapanga mawili. Ikilegea, mapanga huachana kwa pembeni, nyaya za chuma huingia kati yake na kukunjwa badala ya kukatika. Ikikazwa mno, mpini hukataa kufunguka. Mahali panapofaa ni pale ambapo panga halichezi kushoto na kulia ukilitikisa kwa vidole, na bado linajifungua bila kushindana.

Mashine ya haidroliki ya mkono hufanya kazi kwa shinikizo la bari 700 hivi, na kosa la kawaida hapo ni kuweka kebo kwa mshazari. Panga husukumwa pembeni, pini inayofunga kichwa hubeba mzigo ambao haikuumbwa kuubeba, na mdomo wa kebo hutoka umelala. Kebo iingie mraba na panga. Pini ifungwe mpaka mwisho. Mpini upigwe polepole mpaka panga liguse gamba, fundi aangalie tena alama yake, ndipo aendelee. Mafuta yakipungua au hewa ikiingia ndani, panga husimama katikati ya chuma na mpini huenda laini kama hakuna kitu. Dawa yake ni kutoa hewa na kujaza mafuta ya aina iliyotajwa na mtengenezaji, kwa kuwa mafuta ya injini au ya breki huharibu mipira ya ndani.

Nyaya za deraya zimezungushwa kwa mshazari na zina nguvu ya kurudi. Zikikatwa bila kufungwa, hufumuka. Basi kabla ya kukata, tepu au waya wa kufungia huzungushwa pande zote mbili za alama, karibu kabisa nayo.

Sasa kisu cha mzunguko, kifaa ambamo ustadi wa fundi huonekana. Ni kifaa kinachokumbatia kebo, chenye gurudumu dogo la makali au meno ya msumeno na skrubu ya kuweka kina. Huzungushwa kuizunguka kebo, na kila mzunguko huchimba pete. Shabaha ni kukata gamba lote la nje na nusu ya unene wa kila waya wa chuma, basi. Nusu iliyobaki huvunjwa kwa mkono, kwa kuukunja kila waya mbele na nyuma mara chache mpaka ukatike kwenye ile pete. Waliojifunza kwa msumeno wa chuma wanaijua kanuni hii, maana ndiyo ile ile: meno yasivuke katikati ya waya.

Hesabu yake ni ya darasani. Tuseme gamba la nje lina milimita 1.8 na waya wa deraya una milimita 1.25. Nusu ya waya ni kama milimita 0.6, kwa hiyo kisu kiwekwe kwenye milimita 2.4. Chini ya hapo imebaki nusu nyingine ya chuma na tabaka la ndani la plastiki, la unene wa milimita moja hivi, kabla ya kufika kwenye kihami. Fundi akiongeza robo tatu ya milimita kwa kuona kazi inachelewa, chuma kimekwisha na kisu kimeingia katika plastiki ya ndani. Akiongeza milimita mbili, amefika kwenye ile 0.7.

Tatizo ni kwamba kebo iliyotoka kwenye gurudumu la mbao haiko duara kamili. Imelaliwa na uzito wa tabaka za juu, na kipenyo chake upande mmoja kinazidi upande wa pili. Kisu kilichowekwa sawasawa kwa upande mpana hakitaufikia waya upande mwembamba, na fundi mwenye pupa hukaza skrubu kwa ajili ya upande ule aliouona haujakatika. Matokeo ni pete yenye kina kizuri nusu, na jeraha nusu. Njia ya busara ni kupima kipenyo kwa kalipa mahali pawili pa kukatana, kuinyoosha kebo kwa mkono kwenye ile sehemu ya kazi, na kuweka kina cha kwanza chini ya kile kilichohesabiwa. Kisha skrubu iongezwe robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku kipande cha majaribio kikipasuliwa na kutazamwa. Ukiona mstari wa kisu kwenye plastiki ya ndani, hata kama ni mwembamba kama unywele, umepita.

Sauti nayo husema. Kisu kilicho ndani ya plastiki huenda kimya. Kinapoanza kugusa chuma hukwaruza kwa vipigo, kwa sababu kinaruka kutoka mgongo wa waya mmoja hadi mwingine. Vipigo vikianza kuungana kuwa mkwaruzo mmoja mfululizo, nyaya zimeshachimbwa vya kutosha.

Kanda za bati hudai mkono mwingine. Hapo hakuna migongo ya kuruka, na bati lenyewe ni jembamba, hivyo hakuna nafasi ya kusema "nusu" kwa ukarimu. Fundi hufunga bendi ya chuma kwenye alama, hulikwaruza bati la juu kwa makali ya tupa kando ya bendi, kisha hulichana akilivutia kwenye bendi ili lipasuke kwenye mstari. Bati la pili hufuata. Kingo zake ni wembe. Glavu ni lazima kwa mikono, na tupa ni lazima kwa kingo, kwa kuwa ncha iliyosalia itasugua kihami kila grupu linapotetemeka.

Marekani ina deraya ya tatu, bati lililojipinda na kujifunga lenyewe kama bomba la kunyumbuka, na kwa ajili yake kampuni ya Seatek ya jimbo la Connecticut ilitengeneza kifaa kiitwacho Roto-Split. Kebo hulala kwenye mfereji, skrubu huishika, na mpini mdogo huzungusha kisu cha duara kinachopasua pindo moja la bati kwa urefu. Skrubu ya kina huwekwa mara moja kwa kila aina ya kebo. Kisu kinapasua mgongo wa pindo ulio mbali zaidi na nyaya za ndani, na kipande hutolewa kwa kukisokota. Kebo hiyo si ya kuzikwa uani Bulengera. Wazo lake ndilo la kushika: kikomo cha kina kiwe kwenye mashine, kisiachwe kwa nguvu ya mkono uliochoka.

Kwenye ghala na maduka makubwa kuna mashine ya mezani inayovuta kebo, kuipima urefu na kuikata. Magurudumu mawili huibana na kuisukuma, gurudumu la tatu huhesabu mita, panga humaliza. Marekebisho yake ni mawili yanayovutana. Magurudumu yakibana kidogo, kebo huteleza na kipimo kikawa uongo. Mteja aliyelipia mita 60 hufika nyumbani na 58. Yakibana sana, kebo hubanwa kuwa yai, na lile tatizo la kisu cha mzunguko huzaliwa hapo hapo dukani. Mwenye duka mwangalifu hukata mita kumi, huzipima kwa tepu sakafuni, hurekebisha, hurudia. Kila akibadilisha unene wa kebo huanza upya.

Baada ya deraya kuvuliwa, huja glandi, kile kifungio cha shaba nyeupe au ya manjano kinachoishika kebo kwenye sanduku. Ndani yake kuna koni. Nyaya za chuma hutandazwa juu ya koni hiyo na kubanwa na pete, zote, bila hata moja kukunjwa nyuma. Zilizokatwa fupi hazifiki kwenye koni. Zikishikwa chache tu, deraya bado inaonekana imeungwa, na kipimo cha haraka kitasema kuna njia ya ardhi. Siku ya hitilafu, mkondo mkubwa hupita kwenye zile nyaya chache, hukutana na kizuizi, na saketi breka haioni sababu ya kukata. Sanduku la chuma hukaa na volti 220 likimngoja mtu wa kuligusa. Urefu wa deraya ulioamuliwa na kisu ndio uliosababisha hayo.

Madhara ya muungo mbovu hayaishii kwenye sanduku moja. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, Beni na Butembo zilipokuwa katikati ya janga, chanjo iliyotumika ilihitaji baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Majokofu ya namna hiyo hayavumilii muungo unaokufa usiku. Hospitali, benki za damu na vyumba vya upasuaji vya mashariki mwa Congo bado vinategemea minyororo ile ile ya grupu, kebo na glandi, na kila pete moja ya kisu ni kiungo katika mnyororo huo.

Kipimo cha mwisho hufanywa kabla umeme haujarudishwa. Mega, kifaa cha kupima uzima wa kihami, huunganishwa kati ya kila uzi na mwingine, kisha kati ya kila uzi na deraya, kwa volti 500 za mkondo mnyoofu. Kanuni za kimataifa hudai angalau megaomu moja; kebo mpya iliyokatwa vizuri husoma mara mamia ya hapo. Usomaji wa megaomu mbili kwenye kebo mpya umefaulu kwa karatasi, na bado fundi anayejali ataufungua muungo, kwa kuwa kuna kitu kimeguswa: vumbi la chuma lililoachwa kati ya nyuzi, au mstari wa kisu. Baada ya kila kipimo nyuzi huunganishwa na ardhi kwa muda, zitoe chaji iliyobaki.

Na ile kebo iliyosalia kwenye gurudumu nayo ina mdomo wazi. Unyevu hupenya kati ya nyuzi za shaba na kusafiri mita kadhaa ndani, na katika nchi ya misimu miwili ya mvua kwa mwaka hausubiri. Mdomo huo huzibwa kwa kofia ya plastiki inayosinyaa kwa moto, au kwa tepu nyingi ikikosekana kofia. Siku kebo itakapohitajika tena, sentimita chache za mwanzo hukatwa na kutupwa, shaba hutazamwa kama imefifia rangi, na kihami hupimwa upya kwa mega kabla kisu hakijawekwa kina.